Kisanduku cha kuchaji betri ya gari la nyuma: maoni yangu baada ya kukitumia

Nianze kwa kueleza ni kitu gani, maana wengi wenu hamvuti gari nyuma ya motohomu na wala hamna mpango huo. Huku Marekani na Kanada wastaafu wengi husafiri na motohomu, gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, na nyuma yake hufunga gari dogo la kawaida, magurudumu yote manne yakiwa barabarani. Ukifika kambini unaliegesha lile kubwa, unalifungua dogo, unakwenda nalo sokoni, kanisani au msikitini, popote. Usipokuwa na dogo, ukitaka mkate unahamisha nyumba nzima.

Shida ni betri ya hilo dogo. Linatembea siku nzima injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo altaneta yake, ile mashine ya kuzalisha umeme, haizunguki na hakuna kinachoingia kwenye betri, ila vinavyotoka vipo. Jioni unafika, unalifungua, unapiga stata, unasikia tik-tik-tik, basi.

Kisanduku ninachokizungumzia kinauzwa kwa ajili ya shida hiyo. Nilikiagiza mtandaoni kwa dola 90 na ushee. Kinaingia kwenye kiganja, kimejazwa gundi ngumu ndani ili maji yasipite, kina taa ndogo ya kijani, na kinakuja na saketi breka mbili za ampea 15, yaani swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Kinachukua umeme wa motohomu wakati injini yake inawaka, kinaupeleka kwenye betri ya gari la nyuma, na hakiuruhusu kurudi. Jina la kampuni silitaji kwa sababu wanaovitengeneza ni zaidi ya mmoja na vinafanana. Ninayoyasema yanahusu aina hii nzima.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, naishi St. Paul, Minnesota. Marehemu baba alikuwa fundi umeme wa magari pale Ngamiani, na utoto wangu wa likizo za shule ulipita nikimshikia taa na mita. Kwa hiyo nyumbani kwetu mambo ya waya ni yangu. Mume wangu, Baba Rehema, anaendesha, na anaingia uvunguni pale ninapomwambia aingie.

Motohomu yetu imejengwa juu ya chesi ya Ford E-450, urefu futi 31. Nyuma tunavuta Honda CR-V ya 2012. Wanaojua mambo haya watanielewa kwa nini ya 2012: zile za 2012 hadi 2014 zina gia otomatiki ya kawaida ya hatua tano, na kitabu chake kinaruhusu zivutwe magurudumu yote chini. Kuanzia 2015 Honda wakaweka gia ya CVT, ile isiyo na hatua, ruhusa ikaondoka. Ndiyo sababu hizi za kabla ya hapo bado zinatafutwa na wastaafu kuliko inavyostahili umri wake.

Lakini kitabu kina masharti, na sharti moja ndilo linaloua betri. Kabla ya kuvuta unawasha injini, unakanyaga breki, unapitisha gia zote, unakaa kwenye D sekunde tano, unarudi N, unaiacha injini ingurume dakika tatu, halafu unazima. Ufunguo lakini hauutoi. Unauacha kwenye nafasi ya kwanza, ile ya kusikilizia redio, ili usukani usijifunge, kwa sababu magurudumu ya mbele lazima yafuate kona za gari kubwa. Ufunguo ukikaa hapo, hata redio ukiizima, kuna vitu kadhaa ndani ya gari vinabaki macho vikinywa umeme.

Kisha kuna breki. Gari la uzito huo, zaidi ya tani moja na nusu, huwezi kulivuta bila breki zake kufanya kazi. Majimbo mengi yanadai hivyo kisheria, na hata yasingedai, mtu mwenye akili timamu asingeshuka nalo mlimani hivihivi. Sisi tuna boksi la breki, mashine inayokaa chini mbele ya kiti cha dereva na mkono wake umeshika pedali. Motohomu ikipunguza mwendo, boksi linahisi, linakanyaga. Umeme wake linautoa kwenye betri ya CR-V.

Na hapo kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa kwenye kijitabu chochote, nikalikuta kwa mita. Boksi likikanyaga pedali, taa za breki za CR-V nazo zinawaka kwa umeme wa CR-V yenyewe, mbali na ule unaotoka motohomu. Balbu mbili za wati 21 ni zaidi ya ampea tatu. Kwenye barabara tambarare ya Iowa hiyo si hoja, unaweza kwenda saa nzima hujagusa breki. Shuka sasa na I-70 kutoka handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, uelekee Denver. Breki, achia, breki, achia, mpaka chini. Au kaa kwenye foleni ya Dallas saa kumi na moja jioni.

Betri yenyewe ya CR-V ni ndogo, ule ukubwa ambao madukani huku unaitwa 51R. Ukijumlisha nafasi ya redio, boksi la breki na taa, saa kumi za barabarani zinatosha kuimaliza au kuiacha ikiwa hoi. Januari ya Minnesota inaongeza lake: betri ya risasi na asidi kwenye baridi kali hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake hata kabla hujaanza safari.

Mtu ataniambia, chomoa fyuzi. Ni kweli, wenye CR-V wengi huchomoa fyuzi inayolisha ile nafasi ya redio, na wengine hufunga swichi ndogo ili wasiwe wanapiga magoti kila mara. Inasaidia. Sisi tulifanya hivyo tangu mwanzo. Lakini boksi letu la breki lina soketi yake iliyofungwa moja kwa moja kutoka betri, na huwezi kulikatia umeme, maana umelikatia breki. Fyuzi inapunguza tatizo, haiondoi.

Kilichonifanya ninunue kisanduku ni Quartzsite, Arizona. Ni mji mdogo jangwani karibu na mpaka wa California, na kila majira ya baridi maelfu ya motohomu hukusanyika kwenye ardhi ya serikali pale, bila nyaya za umeme wala mabomba ya maji. Kila mtu na matangi yake na sola zake. Tulifika jua likizama, tukafungua gari, likagoma.

Baba Rehema akasema, "Mama Rehema, si tuliichaji juzi San Antonio?"

"Tuliichaji juzi. Leo ni leo."

Jirani mmoja, mzee wa Alberta, akatoka na kale kabetri ka lithiamu ka kubusti, kadogo kama kopo la maziwa ya unga, gari likawaka papo hapo. Tukashukuru. Kisha akatuonyesha chini ya boneti ya Jeep yake kisanduku kama hiki ninachokisimulia, akasema kale kabetri huwa anakabeba kwa ajili ya wengine.

Sasa usakinishaji. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inapofaa au inapotea.

Kijitabu kinaandika kana kwamba kazi ni nusu saa: unganisha waya wa motohomu huku, betri kule, kaza, maliza. Kinachukulia kwamba kwenye plagi iliyo nyuma ya motohomu yako umeme upo tayari. Plagi ya huku ni ya pini saba. Katika mpangilio wa kawaida waya mweusi ndio wa umeme wa betri, mweupe ni wa hasi, mingine ni ya taa na breki. Kabla hujanunua chochote, chukua mita, washa injini ya motohomu, upime kati ya pini ya mweusi na pini ya mweupe. Utakuta moja kati ya haya: umeme upo injini ikiwaka tu, ambalo ndilo unalolitaka, au umeme upo muda wote, hata gari likilala, au hakuna kitu kabisa. Letu halikuwa na kitu. Plagi ilikuwepo, waya wa betri hakuna aliyewahi kuufikisha pale. Kuna watu wamefunga kisanduku, wamevuta gari miezi, na kisanduku hakijawahi kupata hata volti moja.

Tukavuta waya wetu kutoka betri ya injini hadi nyuma. Muhimu iwe betri ya injini, kwa sababu motohomu ina betri za aina mbili, ile ya kuwashia na zile za matumizi ya ndani, na ukichukua umeme kwenye zile za ndani utajikuta unachaji gari kwa gharama ya friji yako usiku. Karibu na betri nikafunga saketi breka, halafu rilei ya ampea 40, swichi inayoendeshwa na umeme, inayopitisha umeme pale tu swichi ya injini ikiwashwa. Injini ikizimwa, waya mzima unakufa. Kisanduku chenyewe kinazuia umeme usirudi, ni kweli, lakini mimi sipendi waya wa moto ulale bila kazi chini ya chesi.

Saketi breka ya pili inakaa karibu na betri ya CR-V. Hii usiiache hata mtu akuambie nini. Waya huu una betri pande zote mbili. Ukichunika katikati na kugusa chuma, umeme utakuja kutoka mbele na utakuja kutoka nyuma, na breka moja ya mbele haitazima moto unaolishwa na betri ya nyuma. Kijitabu kinalisema jambo hili kwa sentensi moja tu, herufi ndogo, ukurasa wa mwisho. Lilistahili ukurasa wa kwanza.

Halafu unene wa waya. Waya uliokuja kwenye pakiti ni wa geji 14, na ni mfupi, wa upande wa gari dogo tu. Geji za Kimarekani namba ikiwa ndogo waya ni mnene, kwa hiyo geji 10 ni mnene kuliko 14. Kwa waliozoea waya za nyumbani kwetu, geji 14 ni mwembamba kidogo kuliko ule wa 2.5 wa soketi, na geji 10 unakaribia ule wa 6. Kutoka betri ya mbele ya motohomu yetu hadi betri ya CR-V ni mita 14 hivi ukifuata kona zote, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu mita 28. Kwa geji 14 njia nzima, ukitaka kupitisha ampea 10 unapoteza zaidi ya volti mbili njiani. Altaneta inatoa 14 na kitu, kule nyuma inafika chini ya 12, na betri ya volti 12.6 haiwezi kuchajiwa na umeme ulio chini yake. Kwa geji 10 unapoteza chini kidogo ya volti moja kwa ampea hizohizo.

Wauguzi wenzangu watanielewa haraka: ni dripu yenye mpira mrefu na sindano nyembamba. Chupa imejaa, imetundikwa juu vizuri, mgonjwa bado hapati maji.

Geji 14 haina maana kwamba betri haitajaa kabisa. Kadiri inavyojaa ndivyo inavyovuta kidogo, na umeme ukiwa mdogo upotevu nao unapungua. Kwa ampea tatu, waya huo mwembamba unapoteza kama volti 0.7 tu. Ila ukumbuke kuwa mzigo haukungoji. Boksi la breki na taa vinakula huku wewe unapeleka vijiko. Mimi nilinunua geji 10 futi 50 nyekundu na futi 50 nyeupe, na mpira wa kuzifunika, nikaweka pembeni ule wa pakiti. Kipande pekee nisichokuwa na ujanja nacho ni ile kebo ya mkunjo kati ya magari mawili. Hiyo ina unene wake kutoka kiwandani. Ni fupi, nikaiacha.

Waya mweupe nao uende hadi mwisho. Fundi mmoja alimwambia mume wangu hasi itapita kwenye chuma cha kuvutia, haina haja ya waya. Chuma kile kimepakwa rangi, kina grisi, kina viungo vinavyocheza, kina kutu ya chumvi ya barabara. Leo itapita, kesho haitapita, na utakaa unakilaumu kisanduku.

Baba Rehema alilala uvunguni mwa motohomu na mchana ukaisha. Waya tukaupitisha juu ya chesi, mbali na bomba la moshi na mbali na bomba la gesi ya kupikia, tukaufunga kwa klipu za mpira kila baada ya hatua. Kisanduku nikakikaza kwa skrubu mbili kwenye ukuta wa ndani wa injini ya CR-V, karibu na betri, upande usio na joto. Sehemu hii, naikubali, ilikuwa rahisi kama walivyosema.

Matokeo? Safari ya kwanza ilikuwa kushuka na I-35 yote hadi San Antonio, kisha I-10 kuelekea magharibi. Niliweka kipima volti kidogo kwenye soketi ya CR-V ili nikisome tunapotia mafuta kabla ya kuzima gari kubwa. Kilionyesha 13.5, 13.6. Tukiwa kwenye foleni ya Austin, breki kwa breki, kilishuka hadi 13.1, kikapanda tena tulipotoka mjini. Kabla ya kisanduku, namba ya vituo vya jioni ilikuwa 12 na punje, tena ikishuka. Tulipofika Quartzsite gari liliwaka kwa mguso wa kwanza wa ufunguo, baridi ya jangwa ya usiku ikiwa imeshaingia. Tangu hapo halijagoma.

Ukitaka kujua namba zako zinasema nini: betri ya risasi iliyotulia, haichajiwi wala haitumiki, ikiwa imejaa inasoma 12.6 au 12.7. Kwenye 12.2 imebaki nusu hivi. Ikisoma chini ya 12 usitegemee stata asubuhi yenye barafu. Wakati inachajiwa ndani ya safari, kitu chochote kati ya 13.2 na 14.2 kwangu ni salama.

Malalamiko ninayo. Taa ya kijani iko juu ya kisanduku, na kisanduku kiko chini ya boneti, kwa hiyo kuiona ni lazima ufungue boneti huku injini ya motohomu ikinguruma mbele na wewe umesimama ukingoni mwa barabara kuu. Nani anafanya hivyo? Wangeweka waya mrefu wa taa, dereva aione kwenye kioo cha mbele cha gari la nyuma kupitia kamera. Picha za kijitabu ni nyeusi na ndogo mno. Vile vichwa vya kubania waya vilivyokuja kwenye pakiti ni vile vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya. Nikavitupa vyote, nikabana vya shaba na kuvifunika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Baba angenifukuza gerejini kwa vile vya plastiki.

Jambo jingine la kulijua kabla ya kulipa: hiki si chaja kamili. Hakipandishi volti. Kinapitisha ulichokileta, na kinakata kipande kidogo chake njiani kwa sababu ya kile kizuizi cha kutorudi. Betri iliyokwisha kabisa haitafufuka kwa saa moja ya safari, na betri iliyozeeka hakiwezi kuipa ujana. Pia kinafanya kazi gari likivutwa tu. Ukikaa kambini wiki mbili hujawasha gari dogo, hakihusiki.

Kijana wa kaka yangu aliyeko Dallas aliniambia, "Shangazi, kwa nini usiweke sola ndogo kwenye dashibodi? Dola ishirini tu." Nimeiona hiyo sola. Ya wati 5 hadi 10, jua likiwa kali na paneli ikilitazama sawasawa, haifikishi ampea moja. Iweke imelala nyuma ya kioo kilichoinama, Januari, Minnesota, ambako jua linatua mnamo saa kumi na moja jioni. Inafaa gari lililoegeshwa kwa muda mrefu. Kwa gari lenye boksi la breki, hapana.

Kabetri ka kubusti kama ka yule mzee ni kazuri, na tumenunua ka kwetu, kanakaa kwenye droo ya vijiko. Lakini kanakutoa kwenye shimo baada ya kuingia. Tena betri iliyoshuka haikugharimu stata peke yake: boksi la breki likikosa umeme katikati ya mteremko, gari la tani moja na nusu linakusukuma kutoka nyuma bila breki.

Wapo wanaosema nunua chaja ya kisasa inayopandisha volti, ya namna ya Victron Orion. Ni kifaa cha heshima, kinapokea hata volti za chini na kutoa zilizonyooka, na unakisoma kwenye simu. Kwa betri za lithiamu za ndani ya motohomu ningekinunua bila kufikiri. Kwa betri ndogo ya CR-V inayohitaji ampea chache, ni pesa nyingi, na bado utahitaji waya uleule mnene, kwa sababu kikipandisha volti huku nyuma kinavuta ampea zaidi kule mbele. Kama waya wako wa kiwandani ni mwembamba na huna namna ya kupitisha mwingine, hapo ndipo nitakuelewa.

Na kabla ya kununua chochote, angalia mfumo wako wa breki. Baadhi ya ile ya kudumu, inayofichwa ndani ya gari, inakuja na njia yake ya kuchaji. InvisiBrake ya Roadmaster, kwa mfano, inachaji betri ya gari la nyuma yenyewe. Mwenye mfumo kama huo akinunua kisanduku hiki atakuwa amelipa mara mbili.

Ambao siwashauri kukifunga peke yao ni wenye magari ambayo usukani wake wa umeme lazima uwe hai wakati wa kuvutwa. Jeep Cherokee za kuanzia 2014 ndizo mfano unaojulikana: sehemu ya mbele ilikuwa ikitetemeka vibaya zikivutwa, Mopar, chapa ya vipuri ya watengenezaji wa Jeep, wakatoa wayaringi maalumu ya kuupa usukani umeme njiani. Magari hayo yanakula kuliko letu, na muda wote. Hapo peleka kwa fundi mwenye uzoefu wa gari hilohilo, apime ampea, ndipo aseme kama 15 zinatosha.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa vile vichwa vya plastiki na taa iliyofichwa. Waya mfupi nimewasamehe kwa sababu ningeuweka pembeni hata ungekuwa mrefu. Jumla, pamoja na waya, rilei, mipira na vichwa vya shaba, ilifika dola 200 hivi, na hiyo ni bila kulipa fundi. Gereji moja ya huku ilitutajia zaidi ya mara tatu ya hapo kwa kazi yote.

Matunzo yake hayana mengi. Chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi inakula pini za plagi upesi sana. Mwishoni mwa msimu wa kwanza zetu zilikuwa zimeanza kuota ukijani, na kipima volti kilikuwa kimepoteza punje mbili tatu. Nilizisugua kwa brashi ndogo ya waya, nikapaka grisi ya umeme, namba zikarudi. Sasa plagi ikichomolewa inavikwa kifuniko chake hapohapo, na tukilala kambini kebo ya mkunjo inaingia ndani ya gari, haibaki ikining'inia nje na umande.